Visu vya Kukunja vya Madaktari wa Kale

Mara nyingi mtu wa Uingereza aliyerithi sanduku la babu yake hukuta ndani yake kisu kidogo chenye makali membamba na mpini wa pembe ya ndovu, na palepale husema, "Hiki kilikuwa cha daktari." Pengine asema kweli. Pengine kilikuwa cha karani. Katika zama za kalamu za kuchovya, karani aliyekosea neno katika daftari alilikwangua kwa kisu kidogo chenye ncha mfano wa jani, nacho siku hizi huuzwa mara kwa mara kwa jina la kisu cha kupasulia watu. Na kile chenye ulimi mwembamba wa mfupa mwishoni mwa mpini si cha daktari hata kidogo. Ni cha mkulima wa miti ya matunda, na ulimi huo ni wa kuinulia gome ili jicho la mti mwingine lipachikwe.

Basi kazi ya kisu yafaa kutafutwa kwanza katika bapa lake. Kilicho rahisi kutambulikana kuliko vyote ni kile cha kutolea damu wanyama. Hakina makali marefu. Ubavuni mwa bapa limetokeza jino moja la pembe tatu, kali sana. Mara nyingi mabapa mawili au matatu hukunjwa pamoja katika ala ya shaba au ya pembe ya ng'ombe, kila moja na jino la ukubwa wake. Mganga wa farasi alibana shingo ya mnyama mpaka mshipa mkubwa ukavimba, akaliweka jino juu yake, kisha akapiga mgongo wa bapa pigo moja kwa rungu fupi la mti mzito. Jino likazama kadiri ya urefu wake, likakomea hapo, kwa kuwa bapa lenyewe lilizuia. Wamaasai walitumia akili hiyo hiyo walipomtoa ng'ombe damu kwa mshale uliofungwa kizuizi karibu na ncha. Damu ilipotosha, midomo ya jeraha ilishikwa kwa pini, na unywele wa mkia wa farasi ukazungushiwa pini hiyo.

Watu nao walitolewa damu kwa maradhi ya kila namna. Chombo chao kilikuwa kijembe kidogo chenye makali pande zote mbili, kilicholala kati ya vibao viwili vya gamba la ng'amba. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipougua koo alitolewa damu mara kadhaa, na usiku wa tarehe 14 Desemba 1799 akafa. Hata hivyo kijembe hakikupoteza heshima yake: Thomas Wakley alipoanzisha gazeti la madaktari huko London mwaka 1823, aliliita kwa jina la chombo hicho, The Lancet, nalo latoka mpaka leo.

Kisu chembamba kilichopinda kama mundu mdogo kilikuwa cha kupasulia majipu. Kikiwa na ncha butu, kilitiwa katika tundu la kidonda kikate kutoka ndani kwenda nje, kisichome kilicho nyuma. Visu vikubwa vya kukatia miguu havikukunjwa, maana bawaba isingestahimili kazi hiyo.

Umri ni shauri jingine, nao husomwa zaidi katika mpini. Gamba la ng'amba, pembe ya ng'ombe na pembe ya ndovu hupendeza macho, na vyote huharibika vikichemshwa. Daktari wa mwaka 1850 hakuona kasoro hapo, kwa sababu hakuwa na desturi ya kuchemsha vyombo. Alikifuta kisu kwa kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Katika ule ufa wa mpini, bapa linapolala, damu na usaha vilikauka mahali ambapo kitambaa hakifiki. Wagonjwa wengi waliookoka kisu waliuawa siku chache baadaye na kuoza kwa jeraha, wala hapakuwa na aliyekishtaki chombo kile kizuri. Mwaka 1867 Joseph Lister wa Glasgow alieleza, katika gazeti lile lile la Wakley, jinsi asidi ya kaboliki ilivyozuia kuoza. Na katika miaka ya 1880 na 1890 hospitali za Ujerumani zikashika desturi ya kusafisha vyombo kwa maji ya moto na mvuke. Hapo ndipo mpini wa ng'amba ulipokosa kazi.

Kwa hiyo kisu chenye mpini wa chuma mtupu uliopakwa nikeli, hasa kama hufunguliwa vipande vipande, kwa kawaida ni cha baada ya badiliko hilo. Chuma kisichoshika kutu kilianza kufuliwa Sheffield na Harry Brearley mwaka 1913, na kisu chake hakiwezi kuwa cha zamani zaidi. Lakini mpini wa pembe si ushahidi wa ukale peke yake. Vyombo vya wanyama viliendelea kuuvaa kwa muda mrefu. Hapo chapa husaidia. Taji na herufi VR ni za enzi ya Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. WR ni ya William wa Nne, 1830 hadi 1837. GR hutatanisha, kwa kuwa wafalme walioitwa George ni wengi. Neno ENGLAND kwa kawaida huonyesha kwamba kisu ni cha baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 1890, iliyotaka bidhaa za kigeni zitaje nchi zilikotoka.

Anayekipata kisu cha namna hii asikimbilie msasa. Chapa ni ndogo, mara nyingi chini kabisa ya bapa karibu na bawaba, nayo hufutika upesi. Kitambaa chenye mafuta kidogo chatosha, na kidole kikae mbali na jino.