Habari za Vita Tuzifuate Wenyewe

Mwishoni mwa Januari, 2025, mji wa Goma ulipotwaliwa na wapiganaji wa M23, wananchi wa Nkoma, wilayani Itilima, walikuwa katika palizi ya pamba. Habari haikuwafikia kwa gazeti wala kwa tamko la serikali. Iliwafikia kwa simu za mkononi, sauti ya mtu asiyejulikana ikipita kutoka simu hii hadi ile, na kila aliyeipokea akaitia chumvi yake. Huyu alisema askari wetu wametekwa wote, yule akasema vita vimekwisha. Mzazi mwenye mtoto jeshini hakujua amwamini nani.

Wakati huo Tanzania ilikuwa na askari huko, pamoja na wenzao wa Afrika ya Kusini na Malawi, katika jeshi lililopelekwa na SADC tangu Desemba, 2023. Kongo nayo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki tangu 2022. Basi vita vile havikuwa vya mbali.

Ndugu zetu wa visiwani na wa pwani ya Ziwa Viktoria hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 1994 mto Kagera ulileta ziwani maiti za watu waliouawa Rwanda, na katika vijiji vingi vya wavuvi, hasa upande wa Uganda, watu waliacha kula samaki. Mauaji yale yalichochewa pia na chombo cha habari. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwaita binadamu mende na kuhimiza wauawe. Desemba, 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani wakuu wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Uongo uliotangazwa Kigali ulifika kwenye nyavu za wavuvi wetu.

Lakini chombo hicho hicho kikishikwa na watu waadilifu huokoa maisha. Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa na taasisi ya Hirondelle mwaka 2002, huwatangazia Wakongo kwa Kifaransa na kwa lugha zao nne, Kiswahili kikiwamo. Waandishi wake wawili, Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waliuawa kwa risasi mjini Bukavu, mmoja mwaka 2007 na wa pili mwaka 2008. Hawakuwa askari. Kosa lao lilikuwa kuuliza.

Hapa ndipo aibu yetu ilipo. Mama wa Goma aliyechomewa nyumba husema Kiswahili. Maneno yake huchukuliwa hadi Paris na London, yakageuzwa Kifaransa na Kiingereza, kisha yakarudi kwetu yakiwa yamegeuzwa Kiswahili mara ya pili. Mtu hamwulizi mgeni habari za jirani anayepakana naye ua! SHIHATA iliundwa mwaka 1976 ili taifa lijitafutie habari zake lenyewe. Shirika hilo halipo tena, lakini haja iliyolizaa ingalipo.

Yako pia makundi ya uangalizi, kama Human Rights Watch, Journaliste en Danger la Kinshasa, na Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliowekwa na Baraza la Usalama mwaka 2004. Baadhi ya viongozi huyaita vibaraka wa mabeberu. Sisi hatusemi kwamba hayakosei. Tunasema kwamba ripoti inayotaja kijiji, tarehe na waliyoyaona mashahidi hujibiwa kwa kijiji, tarehe na mashahidi. Haijibiwi kwa matusi. Walimu wetu wa chuoni walitufundisha kuichunguza habari kabla ya kuifuata, wala hawakutufundisha kumpiga aliyeileta.

Kwa hiyo tunawaambia viongozi wetu mambo mawili. Kwanza, vyombo vyetu, vya umma na vya watu binafsi, viwezeshwe kuweka waandishi Goma, Bukavu na Bujumbura, wenye bima na mafunzo ya kujikinga. Pili, askari wetu anapopatwa na jambo, familia yake iambiwe kwanza, kisha taifa liambiwe upesi. Tunafahamu kuwa jeshi lina siri zake. Hata hivyo, mahali palipo adui ni siri. Kifo cha mtoto wa mkulima si siri ya kufichwa kwa mzazi wake.

Na wananchi, wa bara na wa visiwani, nao wana wajibu. Sauti ikiingia katika simu yako, uliza: nani ameona, wapi, na lini? Asiyeweza kujibu usimsaidie kutangaza. Ukimya wa viongozi ni shamba lisilopaliliwa: magugu hayangoji kupandwa.