Bunduki begani au kiunoni? Amua kabla ya filimbi

Ukiitaja Mlandizi mbele ya shabiki wa soka, hakuulizi iko wapi. Atakutajia Uwanja wa Mabatini, atakutajia Ruvu Shooting, na akiwa mtu wa utani atakukumbusha enzi za msemaji wao Masau Bwire na maneno yake ya "kupapasa". Mji ule wa kando ya barabara ya Morogoro umeupa mpira wetu mengi. Msimu wa 2016/17 peke yake, Mlandizi Queens walibeba ubingwa wa Ligi Kuu ya Wanawake, na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting akafunga mabao 14, akalingana na Simon Msuva wa Yanga kileleni mwa wafungaji wa Ligi Kuu.

Lakini jina la timu ile ya maafande lina neno ambalo tumelizoea hadi tumesahau maana yake. Shooting ni kulenga shabaha. Leo tunaomba tulichukue neno hilo kama lilivyo, kwa sababu ndani yake kuna somo ambalo soka letu linalihitaji, hasa pale mechi inapofika kwenye mikwaju ya penalti.

Kuna mchezo wa Olimpiki wa kulenga sahani za udongo kwa bunduki ya marisau. Sahani yenyewe ni ndogo, upana wake milimita 110 tu. Inarushwa na mashine, na mlengaji anatakiwa aipasue ikiwa bado hewani. Katika mchezo huo kuna mjadala wa siku nyingi, kama sisi tunavyobishana kijiweni kuhusu straika mmoja au wawili: bunduki iwe tayari begani kabla sahani haijatoka, au ikae chini kiunoni na ipande sahani ikishaonekana?

Anayetanguliza bunduki begani amejipunguzia kazi. Shavu limeshalala kwenye kitako, jicho limenyooka na mtutu, hakuna cha kurekebisha. Sahani ikitoka anasogeza kidogo tu na kufyatua. Njia hii inafaa sana kwa sahani inayomkimbia mlengaji kwa kasi kwenda mbele. Ubaya wake ni kwamba mtutu na mikono vinaziba sehemu ya anachotakiwa kukiona, na ukikaa hivyo muda mrefu mabega yanakaza.

Anayeacha bunduki kiunoni anaona uwanja mzima. Macho yanaidaka sahani kwanza, mwili unaifuata, na kitako kinafika begani wakati mtutu umeshaikuta sahani. Kwa sahani inayokatiza kutoka kushoto kwenda kulia, njia hii ni tamu. Lakini ina gharama. Kitako kinaweza kunasa kwenye koti, au kikatua juu ya mkono badala ya begani, na hapo risasi imeshapotea. Ndiyo maana walengaji wa aina hii hurudia kuipandisha bunduki tupu, isiyo na risasi, mara nyingi mno hadi mwili uzoee wenyewe.

Kuna michezo ambayo sheria imeshaamua. Kwenye trapu ya Olimpiki unaruhusiwa kuweka bunduki begani kabla ya kuita sahani. Kwenye skiti, kitako lazima kigusane na alama iliyo kwenye koti, karibu na kiuno, hadi sahani ionekane. Tena ukishaita, sahani inaweza kukucheleweshea hadi sekunde 3. Huna uhakika wa sekunde yenyewe. Unasubiri.

Hakuna njia iliyo bora kuliko nyingine kwa kila mtu. Ahmed Al Maktoum wa Falme za Kiarabu alichukua dhahabu ya Athens mwaka 2004 katika trapu ya sahani mbili, ambako bunduki inaruhusiwa kutangulia begani. Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait, mzee wa zaidi ya miaka 50, alichukua shaba ya skiti Rio mwaka 2016 na nyingine kwenye Olimpiki ya Tokyo, bunduki ikianzia chini. Huyu Al-Rashidi mashabiki wa Arsenal wanamkumbuka. Kule Rio nchi yake ilikuwa imefungiwa, akashiriki kama mchezaji huru, na akaingia kulenga akiwa na jezi ya Arsenal.

Sasa turudi kwenye mita 11.

Mpiga penalti naye ana bunduki mbili. Wapo wanaoamua kona kabla ya kuuweka mpira chini, halafu wanakwenda kupiga kwa nguvu, kipa aruke asiruke. Hao bunduki yao iko begani. Harry Kane ni mtu wa aina hiyo. Wapo wanaokwenda taratibu, macho kwa kipa, wanamsubiri aegemee upande mmoja ndipo wampeleke sokoni. Hao bunduki iko kiunoni. Jorginho na kale karuka kake ndiye mfano wao.

Na wote wawili wamekosa. Kane alifunga penalti ya kwanza dhidi ya Ufaransa kwenye Kombe la Dunia la 2022, ya pili akaipaisha. Jorginho alidakiwa na Jordan Pickford kwenye fainali ya Euro mwaka 2021. Kwa hiyo hatuji hapa kumwambia mtu kwamba njia moja ni dawa ya kutokosa.

Tunachosema ni kwamba hatari kubwa kuliko zote ni kukaa katikati. Mlengaji aliyepanga kuanzia kiunoni, akaingiwa na hofu akapandisha bunduki kabla hajaiona sahani, inabidi asimame, atafute, ndipo aanze kuikimbiza. Anapiga nyuma yake. Mpiga penalti ni hivyo hivyo. Ameamua kulia, hatua ya tatu anamwona kipa kaegemea kulia, anabadilisha. Mguu ulishajipanga kwa kulia, kichwa kinataka kushoto. Unaotoka hapo ni mpira laini wa katikati, au mpira wa jukwaani.

Kwa nini tunalisema hili? Kwa sababu limetugharimu. Aprili 2022 Simba walitolewa na Orlando Pirates kwa penalti 4-3 kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Aprili 2023 wakatolewa na Wydad kwa penalti 4-3 kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Aprili 2024 ikawa zamu ya Yanga, wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti 3-2 baada ya dakika 180 bila bao. Miaka mitatu mfululizo, mwezi uleule, hatua ileile, mlango uleule.

Hatuwalaumu waliokosa. Kupiga penalti ugenini mbele ya uwanja uliojaa si mchezo, na wengi wanaowazomea hawajawahi kupiga hata kwenye ndondo. Tunachokikataa ni lile neno linalosikika kila baada ya mechi hizo: "bahati". Mlengaji wa sahani hawezi kusema bahati. Anajua bunduki yake ilikuwa wapi sahani ilipotoka.

Wapo watakaosema penalti haifanyiwi mazoezi, kwamba presha ya siku yenyewe haiigiziki. Kuna ukweli hapo. Lakini mpigaji anaweza kuzoeshwa kuchoka. Anaweza kupigishwa baada ya mbio, akitembea peke yake kutoka katikati ya uwanja, na kocha akimcheleweshea filimbi makusudi kama mashine ya skiti inavyochelewesha sahani. Makipa wetu wameshaonyesha kwamba kazi hii ina faida. Ally Salim alidaka penalti 3 za Yanga pale Mkwakwani, Tanga, Agosti 2023, Simba wakachukua Ngao ya Jamii. Kama kipa anaweza kujiandaa kwa mpigaji, mpigaji naye anaweza kujiandaa kwa kipa.

Wengine watasema ukiamua kona mapema, kipa atakusoma kwenye video. Kuamua mapema si kupiga kona moja maisha yote. Ni kuamua kabla ya kuuweka mpira, na kutobadilisha ukishaanza kukimbia.

Ushauri wetu kwa makocha ni huu. Kila mchezaji aliye kwenye orodha ya wapigaji aulizwe mapema: wewe ni wa begani au wa kiunoni? Jibu liandikwe, na afanyie mazoezi hilo tu. Chipukizi aanzie begani, achague kona na apige kwa uhakika, kwa sababu vitu vya kumharibikia ni vichache. Njia ya kumsubiri kipa aachiwe aliyeirudia hadi mwili ukazoea. Na asiye na jibu asipewe mpira, hata kama ana jina kubwa.

Hili si la Simba na Yanga pekee. Kuna watoto wanaokwenda Mabatini jioni na mpira mmoja, na wasichana wanaotaka kufika walikofika Mlandizi Queens. Wafundishwe sasa, kabla hawajakutana na robo fainali yao. Aprili nyingine inakuja, na mwamuzi akishapuliza filimbi, muda wa kuchagua umekwisha.