Anayeinadi Nyuklia Asiwe Ndiye Anayeikagua

Mionzi ina tabia inayoitenga na hatari nyingine za kazini. Mchimbaji huuona mwamba uliopasuka juu ya kichwa chake, fundi umeme huiona waya iliyochunika, na anayepaka rangi husikia harufu inayomkaba koo. Mionzi haionekani, hainuki, wala haimchomi mtu pale inapompitia, isipokuwa dozi iwe kubwa mno. Mtu anayepata dozi ndogo ndogo kwa miaka anaweza kuugua saratani miaka 20 baadaye, na hakuna daktari atakayeapa kwamba ni mtambo fulani uliomdhuru. Kwa hiyo mhudumu wa chumba cha eksirei, au jirani wa ghala lenye chanzo cha mionzi, hawezi kujilinda kwa macho yake mwenyewe. Kinga yake ni neno la mkaguzi: akisema mahali ni salama, watu huingia. Ndiyo maana suala la nani anamtuma mkaguzi huyo, nani anamlipa na nani anaweza kumwondoa kazini ni zito kuliko suala la vifaa alivyobeba mkononi.

Hapa Tanzania mkaguzi huyo ni Tume ya Nguvu za Atomu, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya 2003. Tume ndiyo inayotoa leseni za kumiliki na kutumia vyanzo vya mionzi, inayokagua hospitali, migodi na viwanda, na inayosoma vile vipimo vidogo ambavyo wafanyakazi huvaa kifuani ili kujua dozi waliyopata. Lakini sheria hiyohiyo imeikabidhi pia jukumu la kuendeleza na kuhamasisha matumizi ya teknolojia ya nyuklia nchini. Chombo kimoja kinatangaza faida za bidhaa na kuamua kama bidhaa hiyo ni salama. Sina ugomvi na wataalamu wa Tume, ambao wamefanya kazi kubwa kwa idadi yao ndogo. Ugomvi wangu ni na sheria iliyowavika kofia mbili zisizokaa kwenye kichwa kimoja. Wahenga walishatuambia kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

Dunia imelipia somo hili kwa maisha ya watu. Mwaka 1985 kliniki moja ya tiba ya mionzi mjini Goiânia, Brazil, ilihama jengo na kuacha nyuma mashine yenye sesiamu-137, bila kuitaarifu mamlaka iliyotoa leseni. Hakuna aliyekwenda kuuliza mashine ilikokwenda. Septemba 1987 vijana wawili waliokuwa wakitafuta vyuma vya kuuza waliingia kwenye magofu yale, wakaing'oa, na ikauzwa kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga uliotoa mwanga wa buluu gizani. Watu waliupenda, wakagawiana, wengine wakajipaka mwilini. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita. Watu wapatao 112,000 walipangwa foleni kupimwa, na 249 walikutwa wamechafuliwa. Wenye kliniki ndio waliovunja sharti la leseni, na siwezi kudai kwamba mfumo wa udhibiti peke yake ndio ulioua. Hata hivyo, tume ya nyuklia ya Brazil iliyopaswa kufuatilia mashine ile ndiyo iliyokuwa ikiendeleza nyuklia nchini humo, na miaka miwili ya ukimya ilipita chini ya macho yake. Brazil ilitunga sheria ya kuanzisha mamlaka ya usalama iliyo mbali na tume hiyo mwaka 2021, miaka 34 baada ya mazishi.

Marekani ilikuwa imekwishaivunja tume yake ya atomu kwa sheria ya 1974, kwa sababu hiyohiyo. Japani ilisubiri ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima: wakala wa usalama ulikuwa ndani ya wizara iliyoinadi nishati ya nyuklia, na tume ya uchunguzi ya bunge lao ilisema wazi mwaka 2012 kwamba maafa yale yalitokana na binadamu, na kwamba wadhibiti walikuwa wametekwa na wale waliopaswa kuwadhibiti. Mwaka huohuo Japani ikaunda mamlaka mpya.

Msomaji atasema hayo ni ya wenye vinu vya umeme, sisi hatuna hata kimoja. Lakini Goiânia haikuwa na kinu. Samut Prakan nchini Thailand, ambako watu watatu walikufa mwaka 2000 kwa kobalti-60 iliyofika kwenye vyuma chakavu, haikuhusu kinu. Huko Mayapuri, mtaa wa vyuma chakavu jijini Delhi, India, mtu mmoja alikufa mwaka 2010 baada ya chuo kikuu kuuza kwa mnada mtambo wa zamani ambao kilisahau kilichomo ndani yake. Miaka miwili baadaye mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ya India aliikosoa mamlaka ya udhibiti wa nyuklia kwa kukosa uhuru. Nasi biashara ya chuma chakavu tunayo katika kila mji. Vyanzo vya mionzi viko hospitalini, kwenye vipimo vya viwandani na migodini, na kwa mafundi wanaopiga picha viungo vya mabomba. Na sasa tunayo urani. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju, Namtumbo, mkoani Ruvuma. Urani ikishatolewa kwenye mawe yake, takriban asilimia 85 ya mionzi ya awali hubaki kwenye mabaki, na mabaki hayo yanahitaji kulindwa muda mrefu sana baada ya mwekezaji kufunga virago. Mradi huu serikali inautaka sana. Hapo ndipo mkaguzi anapohitaji uwezo wa kusema simamisheni kazi, bila kuwaza kwamba anaharibu mpango wa taasisi yake mwenyewe.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi yangu ni ya fedha na wataalamu. Wanafizikia wa mionzi ni wachache, maabara ni ghali; kwa nini tuwagawe? Jibu ni kwamba kutenganisha madaraka hakumaanishi kununua kila kipimo mara mbili. Maabara inaweza kubaki moja na kuhudumia pande zote kwa ada inayojulikana. Kinachopaswa kutengana ni saini kwenye leseni, uteuzi wa mkuu wa chombo na mfuko wa bajeti. Kenya, ambayo haina utajiri wa kutisha kuliko sisi, ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia mwaka 2019 na kuipa mamlaka moja kazi ya kudhibiti, huku kazi ya kuandaa umeme wa nyuklia ikiachwa kwa wakala mwingine. Tena sisi wenyewe kanuni hii tunaifuata kwingine. Shirika la umeme, TANESCO, halijipangii bei ya umeme, mdhibiti wa nishati, EWURA, ndiye anayeiidhinisha. Bohari ya Dawa inanunua na kusambaza, mamlaka ya dawa, TMDA, inathibitisha ubora. Sijasikia anayetaka ziunganishwe ili kubana matumizi.

Wengine wanahofu kwamba mdhibiti mkali atatisha wagonjwa na kufunga vituo vya afya vijijini. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa eksirei inaokoa maisha na hakuna mwenye kifua kikuu anayepaswa kuikimbia. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa dozi ndogo sana kuliko ile ambayo ardhi na anga humpa kila mtu kwa mwaka, ambayo wastani wake duniani ni milisiveti 2.4. Viwango vya kimataifa vinamruhusu mfanyakazi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na mwananchi wa kawaida milisiveti 1 juu ya ile ya asili, bila kuhesabu matibabu yake. Viwango hivyo havimzuii mtu kutibiwa. Vinamlinda anayesimama nyuma ya mashine siku nzima, na mama aliyeketi kwenye benchi upande wa pili wa ukuta usio na madini ya risasi ya kutosha. Watu wataamini vipimo hivyo pale watakapojua kwamba aliyevipima hana anachokiuza.

Serikali ipeleke bungeni marekebisho ya sheria ya 2003 kabla uzalishaji kamili wa Namtumbo haujaanza. Mdhibiti wa mionzi awe chombo kinachojitegemea, bajeti yake ipitishwe na Bunge badala ya kutegemea wingi wa leseni anazotoa, na ripoti zake za ukaguzi ziwe wazi kwa wafanyakazi na kwa vijiji vinavyozunguka migodi. Wabunge wa Ruvuma wawe wa kwanza kuidai.