Unene Si Neema Siku Zote

Mtu apitaye sokoni Korogwe asubuhi, au penye stendi ya Handeni, huwaona akina mama watu wazima wameketi nyuma ya mafungu ya ndizi na machungwa. Baadhi yao wamenenepa sana, na desturi yetu huwasifu: husemwa kwamba watoto wao wanawakumbuka. Sisi hatuna nia ya kumvunjia mama yeyote heshima. Lakini yatupasa kusema wazi kwamba unene, ukiandamana na umri na chumvi nyingi, mara nyingi huleta shinikizo la damu, ambalo wengi twaliita presha.

Adui huyu hapigi hodi. Mama aweza kuwa na kipimo cha 140 juu ya 90, au zaidi, kwa miaka mingi, naye akalima na kuuza sokoni bila kuhisi lolote, mpaka siku apoozapo upande mmoja. Wilayani Hai, wataalamu waliwapima wazee wa vijijini wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba takriban saba katika kila kumi walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa na habari. Basi asidhani mtu wa Handeni kwamba haya ni maradhi ya matajiri wa Dar es Salaam.

Sehemu ya chanzo imo jikoni. Uchunguzi wa wanawake wa Muheza, Kongwa na Singida, uliotangazwa mwaka 2011, uliona kwamba mlo wa kununua, yaani maandazi, mikate, sukari na chai, uliandamana na uzito mkubwa wa mwili. Muheza ni jirani ya Korogwe, na vibanda vya chai ni vile vile. Tena yuko ng'onda, ambaye chumvi yake ni nyingi kabla hajatiwa chunguni. Shirika la Afya Duniani lashauri chumvi ya siku nzima isifikie gramu 5, nazo hazizidi kijiko kimoja cha chai.

Wako watakaouliza: mama maskini atapata wapi chakula cha wagonjwa? Twajibu kwamba anacho. Marekani, mwaka 1997, ilithibitishwa kwamba mlo wenye mboga na matunda kwa wingi, pamoja na maziwa yaliyopunguzwa mafuta, hushusha presha katika majuma machache, hata kabla uzito haujapungua. Mchunga huota mashambani mwetu bila kupandwa. Kisamvu, maharage na machungwa si vitu vya kuagizwa ng'ambo. Kinachotakiwa ni kupunguza mafuta, sukari na chumvi, na kutembea kila siku. Hata hivyo, mzee asijinyime chakula akadhoofika. Uzito na upungue polepole. Wala asiache vidonge kwa kuwa amejisikia nafuu, maana presha hurudi kimya kimya kama ilivyokuja. Mwenye maradhi ya figo na amwulize mganga kwanza.

Lakini si haki kumtwika mama mzigo wote. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikubali kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Ahadi hiyo haina maana mahali ambapo zahanati haina kipimo kizima, au ambapo mzee hupewa karatasi ya dawa aende akanunue dukani. Viongozi wa kata na vijiji hawana budi kuuliza jambo hili katika mikutano yao, na kulifuata mpaka lipate jibu.

Nasi wanachama na wafanyakazi tunao wajibu nyumbani. Tumezoea kumpelekea mama sukari na mafuta kila tupokeapo mshahara. Mwisho wa mwezi huu, kila mmoja wetu na ampeleke mama yake zahanati akapimwe presha.