Kabla hawajachoma magunzi yenu, waulizeni kuhusu jivu

Wasee, kila wiki kuna mtu ananitumia klipu ya "stima ya bure iko shambani, ni kuchoma tu mabua." Ndoto poa. Lakini mbona hakuna anayetaja jivu?

Mimi niliacha uni mwaka wa pili, sina digrii ya kukutisha nayo. Nina kukhu, Kakamega. Anachoma maganda makavu ya maharagwe, anachuja jivu kwa maji, na hayo maji ndio musherekha ya kulainishia mboga. Kinacholainisha mboga hapo ni chumvi za potasiamu. Sasa itie hiyo potasiamu kwa boila.

Boila zinazosifiwa ni zile za mchanga. Hewa inapulizwa kutoka chini mpaka mchanga unatokota kama uji, kwa nyuzi 800 hadi 900 hivi. Wauzaji wanasema inakula kila kitu. Inakula, ndio, shida ni kumeza. Mchanga wenyewe mara nyingi ni silika, na potasiamu ikikutana na silika vinatengeneza kitu kama kioo, kinachoweza kuyeyuka hata chini ya nyuzi 800. Punje zinanatana, zinakuwa mabonge, hewa inakosa njia, kazi inasimama. Klorini nayo inapanda na moshi kwenda kula mabomba ya mvuke.

Na usidanganywe na wingi. Maganda ya mpunga, kama yale ya Mwea, yana jivu karibu 20%, lakini karibu lote ni silika. Magunzi yana jivu kidogo tu, ila limejaa potasiamu. Hilo kidogo ndilo linanata.

Binamu yangu alifanya kibarua kwa kiwanda fulani. Mchanga ulipoganda, ni vijana wa kibarua walioingizwa ndani na nyundo. Wakulima waliokuwa wameleta magunzi wakaambiwa wangoje pesa. Manze, bado wanangoja.

Dawa zipo. Unaweza kuongeza kaolini, ule udongo mweupe, inase potasiamu kabla haijafikia mchanga. Unaweza kubadilisha mchanga mara kwa mara, lakini hiyo ni gharama. Ama unaacha mabua yanyeshewe shambani kwanza, juu mvua huosha potasiamu na klorini nyingi, na potasiamu inabaki kwa udongo wako.

Kwa hivyo mtu akija kununua magunzi, muulize: boila ikiganda, nani anabeba hasara? Na jivu linarudi shamba la nani? Akisema hayo ni mambo ya mainjinia, mwambie magunzi yanabaki kwa jiko la kukhu.