Adui ni Mlanguzi
Hashishi ni utomvu wa mbangi. Nchini Nepal wakulima huufikicha kwa viganja kutoka kwenye maua mabichi. Katika milima ya Rif, Moroko, mmea hukaushwa, kisha hupigwapigwa juu ya chekeche la kitambaa.

Nepal ilifuta leseni za maduka ya hashishi mwaka 1973, kilimo hakikukoma. Moroko, mwaka 2021, ilipitisha sheria inayowaruhusu wakulima wa Rif kulima mbangi ya dawa na viwanda kupitia vyama vya ushirika.

Sisi hatuitetei bangi, kwani ulevi hudhoofisha nguvu kazi ya taifa. Lakini tunawakumbusha wahusika kwamba kufyeka shamba bila kumpatia mkulima zao jingine ni kukata tawi na kuacha mzizi. Mlanguzi abanwe na dola. Mkulima apewe mbegu na soko.