Kabla ya kuongeza RAM, tazama slabu

Ndugu mwandishi, katika makala yako umeipita haraka mno sehemu ya slabu, yaani mbinu ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya kugawa kumbukumbu kwa vitu vyake, na hapo ndipo penye utamu wenyewe. Si suala la kubana nafasi tu. Jeff Bonwick wa kampuni ya Sun alipoieleza mbinu hiyo mwaka 1994, enzi za mfumo wa Solaris 2.4, hoja yake kubwa ilikuwa kwamba kukiandaa kitu kipya, yaani kuweka sawa kufuli na kaunta zake, mara nyingi hula muda mwingi kuliko kukitafutia kumbukumbu. Kwa hiyo kitu kikirudishwa hakivunjwi. Kinawekwa kikiwa tayari kwa atakayekihitaji. Wazo zuri mno! Linux iliwahi kuwa na vigawaji vitatu vya kumbukumbu vya kuchagua. SLOB iliondolewa mwaka 2023, SLAB 2024, ikabaki SLUB.

Wenzangu mnaosimamia seva, mkiona kumbukumbu inaisha na hakuna programu inayoonekana kuila, msikimbilie kuzima na kuwasha. Endesheni amri ya slabtop kwanza. Mara nyingi mtakuta dentry iko juu: hayo ni majina ya mafaili ambayo kerneli imeyaweka karibu isiende kuyasaka tena kwenye diski. Kisha someni mstari wa SReclaimable ndani ya /proc/meminfo. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo, kerneli huiachia yenyewe programu zikibanwa. Ya kuhofia ni SUnreclaim inayopanda siku hadi siku bila kushuka. Hapo shukuni draiva inayovujisha kumbukumbu, na RAM mpya haitasaidia kitu.